Hita ya Lori la Baba Atieno

Mwaka wa 1973 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shida zilinianza hapo. Baba alikufa, darasa la tatu likaishia katikati, na mjomba akanipandisha juu ya lori la mahindi lililokuwa linatoka Migori kwenda Molo. Nimesema juu, si ndani. Ndani alikaa dereva na mjomba. Mimi nilikaa juu ya magunia, chini ya turubai, na kaptura ya shule ambayo sasa haikuwa na shule. Mtoto aliyezaliwa kwenye joto la ziwa hajui baridi ni nini. Tulipopita Kericho nilidhani nakufa. Molo walinishusha kama gunia lingine, vidole vimekataa kukunjika, na dereva akacheka akasema, "Huyu wa ziwani ameganda."

Nawaambia haya ninyi mnaoshika spana leo kwa sababu nataka kuongea juu ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, na najua mtacheka. Fundi wa Migori na hita wapi na wapi? Niliporudi kutoka Molo nilifanya kazi Suna, hapa mjini Migori, maisha yangu yote, nyuma ya soko, na mwenye gari akija kwangu kulalamika, analalamika joto. Kwetu hita ikivuja kidogo tu, fundi anaikata, anaunganisha mipira yake miwili ya maji kwa kipande cha bomba, kwisha. Nimeona hita iliyogeuzwa mahali pa kuwekea njugu. Nimeona nyingine ambayo kuku alikuwa ametagia, na mwenye lori akanionya nisimsumbue kuku.

Kwa hivyo siku Okeyo aliponiletea lori lake akasema hita haina nguvu, nilimwambia, "Toa shati la ndani kwanza, halafu uniambie kama bado unasikia baridi."

Okeyo ni mtu wa Karungu. Sisi tulimwita Wuon Atieno, yaani baba yake Atieno, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lake. Lori lake lilikuwa kuukuu, la rangi ya samawati iliyochoka, na mbele ameandika Nyar Karungu, binti wa Karungu. Hakucheka utani wangu. Alifungua mlango wa upande wa pili, na hapo nikamwona Atieno mwenyewe, msichana mkubwa wa miaka ishirini na kitu, amevaa jaketi la baba yake, blanketi la kahawia magotini, na soksi mbili kila mguu. Adhuhuri hiyo, Migori. Jasho lilikuwa linamtoka usoni lakini miguu ameificha.

"Nimetoka hospitali ya Kericho juzi, jaduong'," akaniambia. Jaduong' ni mzee kwa lugha yetu. "Bado naogopa kuvua."

Atieno ana ugonjwa wa selimundu. Ni ugonjwa wa damu, na huku ziwani si mgeni, nyumba nyingi zinaujua. Baridi ikimshika mtu wa namna hiyo, mifupa inamuuma mpaka anasahau jina lake. Na kazi aliyoichagua ni biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Ananunua Karungu, nyingine zinavuka kwa boti kutoka Mfangano, anapakia kwa lori la baba yake, wanapanda Kisii, Keroka, Sotik, Kericho, mpaka Nakuru. Yaani njia yote ya baridi iliyonigandisha mimi mtoto. Safari ya mwisho maumivu yalimkamata kabla ya Kericho, na baba yake aliingia na lori zima la omena ndani ya geti la hospitali.

"Nimemwambia amalize," Okeyo akasema. "Akae nyumbani. Mimi nitauza."

"Baba hajui kuuza," Atieno akasema. "Akipewa bei ya kwanza anasema asante. Mara ya mwisho akiuza yeye, wale akina mama wa Nakuru walimwombea baraka."

"Afya yako na omena, ni gani kubwa?"

"Baba, ukiniweka ndani kama yai nitaoza kama yai."

Nikaelewa wameshapigana vita hivi njia nzima kutoka Karungu. Halafu Okeyo akanigeukia. "Omera, ndugu yangu, nimekubaliana naye kitu kimoja. Wewe ukifanya hiyo hita ipashe joto la kweli, aende. Ukishindwa, asiende tena. Ameapa."

"Nimeapa," Atieno akasema. "Kwa hivyo usishindwe."

Mimi sina maneno matamu. Nilimwambia ashuke akae kwa jua, apewe chai, aniachie gari.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kuna kazi.

Fundi aliyenifundisha alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, jina lake Marwa. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, chake kibovu na changu kibovu, na bado tulielewana kuliko ndugu. Marwa hakushika spana kabla ya kushika gari kwa mkono mtupu. Alinifunga kitambaa machoni akaniambia niguse mpira huu, niguse ule, niseme upi una joto na maji yanakwenda wapi. Siku moja nikagusa bomba la moshi. Kovu ninalo hapa kwenye kiganja, na Marwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipaka mafuta ya ng'ombe mwenyewe, polepole, kama mama. Akaniambia, "Sasa hutasahau iko wapi." Kweli sijasahau.

Hita haitengenezi joto. Shika hilo. Hita inaomba joto kwa injini. Maji ya injini yaliyopata moto yanapita kwa mpira mmoja, yanaingia kwa rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa juu yake, na maji yanarudi kwa mpira wa pili. Basi ukiambiwa hita ni dhaifu, usikimbilie kununua hita. Angalia kwanza maji kwenye rejeta kubwa ya mbele, ile ya kupoza injini, kama yamejaa, maana yakipungua, hita ndiyo ya kwanza kukosa. Halafu washa injini, iache ipate moto, shika ile mipira miwili. Ikiwa yote ina moto, joto limefika, shida iko kwa upepo. Ikiwa mmoja una moto na wa pili una baridi, maji hayapiti, kuna mahali pameziba ama koki imefungwa. Na ikiwa yote miwili ni vuguvugu kama chai ya hotelini ya jioni, injini yenyewe haina kitu cha kutoa.

Nilishika. Vuguvugu, yote miwili.

Lakini mimi ni mkaidi, na upepo nao ulikuwa mdogo, kwa hivyo nikaanza na upepo. Nikafungua kifuniko cha feni. Jamani. Ndani kulikuwa na magamba ya omena, vumbi la omena, vichwa vya omena, na panya alikuwa amejijengea chumba na sebule. Nikamwita Atieno aone.

"Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza," akasema. "Naye hajalipa."

Tulisafisha. Feni ikapuliza mpaka karatasi ikaruka kwenye dashibodi. Okeyo akatabasamu, akaweka mkono, tabasamu likaisha. Upepo ulikuwa wa nguvu, na wa baridi.

Nikamwambia Okeyo aendeshe mpaka Rongo na kurudi, nikakaa kando yake nikitazama mshale wa joto la injini. Ulipanda kidogo, ukalala chini kabisa, ukabaki hapo njia yote. "Hapo ndipo hukaa," Okeyo akasema, na kwa sauti ya mtu anayejisifu. "Hili lori halijui kuchemka."

Tuliporudi nikachukua katoni ya sabuni dukani, nikaikunjua, nikaifunga mbele ya rejeta kubwa, upepo wa nje usiingie. Madereva wa zamani wa Timboroa, kule kwenye baridi, walikuwa wakifanya hivyo. Tukaenda tena. Mshale ukaamka. Ukapanda, na hita, kwa mara ya kwanza, ikatoa hewa ya moto. Okeyo alifurahi akataka tuishie hapo hapo na katoni yake. Nikamkatalia. Katoni si dawa. Ilinionyesha kitu kimoja tu, kwamba injini hii ilikuwa inapozwa kupita kiasi, saa zote, tangu inapowashwa. Na kinachozuia hilo ni kitu kimoja.

Kuna kilango kidogo cha shaba kinaitwa thamostati. Kinakaa mahali maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwa rejeta. Injini ikiwa baridi, kilango kimefunga, maji yanazunguka humo ndani yapate moto haraka. Yakipata moto wa kutosha kinafunguka chenyewe, maji yanaenda kupoa. Hapa kwetu mafundi wengi wakisikia gari limechemka, dawa ya kwanza ni kukitoa na kukitupa. Wanasema nchi ni ya joto, cha nini? Na gari la kuzunguka Migori na Homa Bay linaweza kukaa hivyo miaka, likila mafuta zaidi na injini ikichakaa kabla ya wakati, na mwenyewe asijue. Lakini lipeleke Kericho alfajiri uone.

Nikamwaga maji, nikafungua boliti mbili, nikainua kifuniko. Tupu. Shimo safi kabisa.

Nami nina mdomo, wote Suna wanajua. Nikasema kwa sauti, gereji nzima ikasikia: "Aliyetoa hiki kitu ni adui wa huyu msichana."

Okeyo alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini kwenye tairi. Akaenda kwa lori, akatoa sanduku lake la vyombo chini ya kiti, akachakura mpaka chini kabisa, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo. Ndani kulikuwa na kitambaa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na thamostati.

"Ni mimi," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze na boliti zangu mkononi.

Alianza kueleza akiangalia chini, na alikuwa anamweleza Atieno, si mimi. Atieno alikuwa na miaka saba hivi wakati ule. Maumivu yalimshika Karungu, Okeyo akamlaza kwa kiti cha lori, akaelekea hospitali ya Homa Bay. Kabla ya kufika Rodi Kopany lori likachemka. Mvuke ukajaa, injini ikazima, na mtoto analia. Hakukuwa na gari lingine. Akamfunga mgongoni na kanga ya mama mmoja aliyetoka shambani, akatembea naye kwenye jua.

"Ulikuwa unaniuliza, Baba, tumefika?" Okeyo akasema. "Nami nakuambia tumefika. Na hatukuwa tumefika."

Pikipiki ndiyo iliyowaokoa. Mtoto alipopona, Okeyo akarudi kwa lori, fundi mmoja wa barabarani akamwambia shida ni kile kilango, hakifunguki. Akakitoa kwa mikono yake mwenyewe, akajaza maji, akaapa kwamba lori hili halitachemka tena Atieno akiwa ndani. Na kweli halikuchemka. Alikuwa amejivunia mshale ule uliolala chini miaka yote hiyo.

Atieno alisikiliza yote bila kusogea. Halafu akasema, "Nakumbuka kanga. Ilikuwa ya njano."

Mimi niliwaacha hapo, nikaenda kwa mama wa chai nikaomba sufuria na maji ya moto. Nikatumbukiza kile kilango cha zamani ndani ya sufuria juu ya jiko, tukakizunguka. Maji yakachemka, yakapiga mapovu, kilango kimefunga kama mdomo wa mtu mwenye kiburi. Hakikufunguka hata upana wa unywele.

"Umeona?" nikamwambia Okeyo. "Kilikuwa kimekufa kweli. Siku ile ulifanya sawa kukitoa. Kilichobaki ni kuweka kingine, na hilo hakuna aliyekuambia."

Ndiyo maneno laini zaidi niliyowahi kumwambia mteja. Yaandikeni mkitaka.

Nilidhani tumemaliza. Nikaagiza kilango kipya kiletwe kutoka dukani, na Okeyo akaweka mkono juu ya kifuniko cha injini. "Usiweke."

"Wuon Atieno, bila hiki hakuna hita."

"Na kikifunga tena? Kule juu, katikati ya mashamba ya chai na mvua, naye yumo ndani? Bora apate baridi nimfunike, kuliko nimbebe tena."

Hakuwa anaongea upuuzi. Atieno ndiye aliyetoa mkono wake kutoka kwenye jaketi refu, akashika mkono wa baba yake, akauondoa juu ya injini.

"Sasa mimi ni mzito," akasema. "Hutaweza kunibeba. Mwache aweke."

Lakini sikuweka. Hapa ndipo nataka mjifunze. Mteja akiogopa, usimwambie usiogope, mwonyeshe. Nikarudisha sufuria jikoni na maji mapya ya baridi, nikafunga kilango kipya kwa uzi, nikakining'iniza ndani kisiguse chini. Tukasubiri. Maji yakaanza kutoa mvuke, bado hayajachemka, na kile kilango kikaanza kufunguka, taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Nikakitoa, kikafunga. Okeyo akasema, "Tena." Nikarudia. Kikafunguka. "Tena." Mama wa chai akalalamika kuhusu makaa yake. Okeyo akauchukua uzi mwenyewe, akatumbukiza, akatoa, akatumbukiza, uso wake karibu na mvuke kama mtu anayejifukiza mafua. Nilimwacha. Alipotosheka alinipa kile kilango kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mtoto.

Halafu nikafanya yale ambayo yanamlinda asichemke kweli, maana kilango peke yake si malaika. Rejeta kubwa niliitoa, nikaipeleka ikafunguliwa na kusuguliwa, ikatoa tope la maji ya ziwa aliyokuwa akijaza kila siku kwa debe. Nikabadilisha mkanda wa feni, nikaangalia pampu ya maji, nikaosha ile rejeta ndogo ya hita kwa maji ya mpira kutoka upande wa nyuma mpaka yakatoka meupe. Nikajaza maji safi yenye ile dawa ya kijani ya rejeta, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi na koki ya hita imefunguliwa mpaka mwisho, mapovu yote ya hewa yakatoka. Hewa ikibaki ndani, hita itakudanganya, leo moto kesho baridi, nawe utafungua gari bure.

Leo vijana mna mashine ya kuchomeka kwa gari ikawaambia hata ugonjwa. Ni nzuri, siipigi vita, ningekuwa nayo ningelala mapema. Lakini lori kama lile halina mahali pa kuchomeka. Na hakuna mashine itakayokuonyesha mtu ameweka kikombe chake chini kwenye tairi.

Tulipanda kuijaribu, sote watatu, siku ya mvua. Nilichagua mvua makusudi. Kutoka Kisii kwenda Keroka barabara inapanda na ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba. Atieno katikati yetu, blanketi magotini, jaketi mpaka shingoni. Okeyo alikuwa anaendesha na macho yake kwa mshale.

"Barabara iko mbele," nikamwambia. "Si hapo."

"Unapanda," akasema.

"Uache upande."

Ulipanda kupita pale ulipozoea kulala. Ukafika karibu na katikati. Nikaona mikono yake imekaza usukani, na najua alikuwa anasikia mvuke wa Rodi Kopany. Akapunguza mwendo, akatafuta mahali pa kusimama pembeni. Sikumzuia. Nilimwambia tu, "Hesabu pole pole kama unavyosubiri sufuria."

Mshale ukasimama. Ukatetemeka kidogo, ukarudi nyuma kama upana wa ukucha, ukatulia katikati, ukabaki. Kilango kilikuwa kimefunguka.

Na joto likaja. Nilisikia magotini kwanza. Si vuguvugu, joto, kama umekaa karibu na jiko la jirani mwema. Kioo cha mbele kilichokuwa na ukungu kikaanza kusafika kutoka chini. Atieno akafungua zipu ya jaketi. Baadaye akainama akavua soksi za juu, halafu za ndani, akaweka nyayo zake tupu pale hewa inapotokea.

"Baba," akasema, "kumbe gari lako lina joto."

Tulipofika mbele kidogo ya Keroka niligeuka kumwambia Atieno jambo, nikakuta kichwa chake kimeangukia bega la baba yake.

"Amelala," nikasema.

"Hajawahi kulala humu," Okeyo akanong'ona. "Hata siku moja. Anakaa tu anatetemeka ananiambia yuko sawa."

Akanyoosha mkono akazima redio. Tulikuwa tumekubaliana kugeuza Keroka. Hakugeuza. Aliendesha mpaka Sotik, polepole, akikwepa kila shimo, na mimi sikumuuliza tunakwenda wapi. Blanketi lilikuwa limeteleza chini. Nililiokota nikalikunja nikaliweka mapajani mwangu, na ndivyo nilivyoshuka nalo Suna jioni hiyo bila kujua. Nilipompelekea, Atieno alikuwa anapakia. Alilitazama akasema, "Kaa nalo, jaduong'. Litakufaa uzeeni." Wiki ile alikwenda Nakuru, na bado anakwenda.

Mimi niliweka spana chini. Macho yamepungua na mgongo umegoma. Sikusoma, na sina aibu. Nilichonacho leo ni hiki: ploti moja Suna na nyumba ya mabati ya vyumba vitatu. Ng'ombe wawili na ndama. Sanduku la spana la Marwa, ambalo atapewa atakayejua kushika mpira wa gari kabla ya spana. Kovu la kiganja. Thamostati moja iliyokufa, imening'inia kwa msumari jikoni. Na blanketi la kahawia, ambalo mwenyewe halihitaji tena.